Kiungo cha Mwezi wa Saba

Shauri Moyo, Jumamosi jioni

Mwende, mama yangu,

Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na nimelitumia hivyo tangu siku uliyozaliwa. Habari za maji ya kuchemsha, za kufunga mlango mapema na za kutowaamini watu wanaotabasamu haraka, mama yako amekuambia wiki nzima, nami sina la kuongeza. Barua hii nitaikunja ndani ya sweta yako ya kijani, ile ya juu kabisa kwenye sanduku. Isome njiani, kabla hujafika kwenye kazi yako mpya ya stoo ranchini, kwa anko wako Mutua.

Kwanza lenye haraka. Siku watakayoirusha ile ndege, usipande. Mutua akikuambia kiti ni chako, usipande. Akikucheka, mwache acheke. Ndani ya bawa la kulia kuna kiungo cha mbao kilichokufa. Nimekijua kwa zaidi ya mwaka mmoja na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka Mutua aanguke nacho.

Ndivyo ilivyo, na sitaifunika kwa maneno mazuri. Jana dereva wa lori la ranchi alipokuja kutuambia kwamba umepata nafasi ya kusafiri naye, alileta na salamu za anko wako. Propela ya kurukia imepatikana badala ya ile mbovu ya majaribio, alisema. Rubani wa ranchi ataizungusha ndege mara moja akiwa peke yake, na akishatua, Mwende ndiye atakayekaa kiti cha pili, maana amekua nayo. Ulimrukia mama yako shingoni hadi chai ikamwagika mezani. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye bomba la maji la ploti kama mtu anayengoja ndoo yake ijae, na sikuwa na ndoo. Jirani akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu, "Niko tu."

Wewe ulikuwa mdogo mambo haya yalipoanza, na uliyoyasikia baadaye uliyasikia kutoka midomo ya watu. Sasa yasikie kwangu.

Mutua ni mtoto wa ndugu ya baba yangu. Tulichunga mbuzi pamoja, tukaja Nairobi mwaka mmoja, yeye akaingia kwenye udereva, mimi nikaingia kwenye uchongaji. Bosi wake alikuwa mgeni mmoja aliyependa kurusha ndege ndogo siku za mapumziko. Alipohama nchi alimwachia Mutua injini moja iliyofungwa kwenye turubai, pamoja na bunda la michoro ya ndege ya mbao ya watu wawili. Mutua alikuwa na kiwanja Komarock, na kwenye kiwanja banda refu alilolijengea kuku, nao kuku walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa. Akanifuata hapa Shauri Moyo, nikiwa nimekaa chini nachonga kifaru.

"Kyalo," akaniambia, "hii kitu ni mbao tupu. Mbao na gundi. Ni kitu gani cha mbao kimewahi kukushinda?"

"Sijawahi kuchonga kitu cha kubeba mtu angani."

"Basi utaanza na mimi."

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa nimechonga vifaru na twiga tangu nilipokuwa kijana, vyote vya kukaa kwenye rafu za watu nisiowajua. Hapa palikuwa na kitu cha kutoka mikononi mwangu kikaruka juu ya Eastlands yote, mchana kweupe. Kila Jumamosi na kila jioni niliyoweza, nilikuwa Komarock.

Siku za mwanzo Mutua alikuwa mtu mzuri wa kufanya kazi naye. Hilo nalo nalisema, hata kama linaniuma kuliandika. Kosa letu la kwanza lilitokana na futi ya mama yako. Yangu ya chuma ilikuwa imekatika ncha, nikachukua ile yake ya kitambaa, ya kupimia nguo, nayo ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuzungushwa viunoni mwa watu. Mkia wa ndege ukatoka mrefu kwa upana wa kidole. Mutua aliona kabla yangu. Aliniambia pale pale, "Huu umezidi," tukaupima upya, tukakata, tukaunga, tukanywa chai. Kufikia jioni kosa lilikuwa limekwisha na hakuna aliyelisikia. Nilidhani hivyo ndivyo tungefanya hadi mwisho.

Kisha tukajenga bawa la kushoto. Lilituchukua miezi mingi. Bawa lina mhimili wa mbao unaopita ndani yake kutoka kwenye kiwiliwili cha ndege hadi nchani, na juu ya mhimili huo unapanga mbavu nyembamba, moja baada ya nyingine, kisha unavika kitambaa. Nyuma yake kuna kibawa kidogo kinachoinuka na kuinama rubani anapotaka kupinda. Lilipokamilika niliita mama yako aje alione. Alilipapasa, akasema, "Hata kitanda chetu hukukitengeneza hivi." Alikuwa anasema kweli.

Sasa sikiliza nilivyojimaliza mwenyewe. Sisi wachongaji tumefunzwa kunakili. Mnunuzi analeta kifaru mmoja, anakwambia anataka wengine kama huyo, na akitokea mmoja aliyegeuza shingo upande wa pili anarudishwa. Tangu utoto wangu katika kazi hii, mkono wangu haujawahi kuombwa kitu kingine. Kwa hiyo nililiinua lile bawa la kushoto, nikaliweka juu ya meza, nikapanga mbao mpya kando yake, nikaanza kulifuata. Kila ubavu, kila tundu, kila mteremko. Nilikuwa nafumba macho napitisha kidole kwa hili na kwa lile, nikawa siwezi kutofautisha. Nilijivuna, Mwende. Nilijivuna sana.

Wewe unayesoma umeshajua. Mikono ya mtu haifanani hivyo, wala miguu, wala viatu. Nilikuwa nimetengeneza mabawa mawili ya kushoto.

Mutua aliona. Hakuona siku ya mwisho, aliona mwanzo kabisa, maana michoro ilikuwa yake na alikuwa akiisoma kila jioni. Alipita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akatazama, akatoka nje akacheka huko. Akaniacha niendelee. Miezi mizima alikuwa anakuja, ananishikia mbao, ananichanganyia gundi, ananisifu, "Kyalo, mkono wako ni wa ajabu," na anajua kila tone la gundi ile ni la bure.

Jumapili ya kuunga mabawa, aliwaalika watu. Alialika wazee wa kanisa, jamaa zetu kutoka Machakos, majirani wa Komarock na vijana wao wote. Mama zako walipika. Wewe ulikuwa na gauni lako jeupe la kwaya. Tukalibeba bawa la pili watu wanne, tukalisogeza upande wa kulia, na kibawa cha nyuma kikatazama mbele. Nikasema tuligeuze. Tukaligeuza, nyuma ikarudi nyuma, lakini mgongo ukatazama chini na tumbo likatazama mbinguni. Tukalizungusha tena. Nilikuwa natoa jasho, naamini kabisa kwamba kuna namna moja ya kulishika ambayo hatujaijaribu. Ndipo nikamsikia Mutua nyuma yangu, ameegemea ukuta, anacheka hadi machozi.

"Mimi nilijua tangu anaweka ubavu wa kwanza," akawaambia watu. "Nikasema, wacha nione mwenyewe ataamka lini."

Kila mtu akacheka. Mchungaji alicheka. Mjomba wangu aliyekuja na fimbo alicheka akaketi chini. Kijana mmoja wa pale akasema, "Cheki Buda Lefti Mbili," na jina hilo la mzee wa kushoto mbili likanishika hapo hapo. Kufikia wiki ile ile lilikuwa limefika Gikomba kabla yangu. Nikienda kununua mbao, muuzaji ananiuliza, "Lefti Mbili, leo unataka za upande gani?" Nilicheka nao, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi, na ndani yangu nilikuwa naungua.

Ningeweza kuyavumilia yote hayo. Lile ambalo sikuweza ni siku moja ulipokuwa kidato cha kwanza. Nilikuwa natoka kazini, wewe unatoka shule na wenzako watatu, na mmoja wao akaniona, akaanza kutembea kwa kuinamia kushoto. Uliniona. Ukavuka Jogoo Road magari yakiwa yanapita, ili usikutane nami mbele yao. Sikuwahi kukuuliza, na leo pia sikuulizi. Ulikuwa mtoto na ulikuwa umechoka. Lakini nilisimama pale barabarani nikaapa kwamba Mutua atalipa kwa hilo, na sikuapa kwa maneno ya mzaha.

Niliendelea kwenda Komarock. Watu walidhani nina moyo mkubwa. Mama yako hata alinisifu kwa dada zake. Ukweli ni kwamba nilitaka niikamilishe ile ndege vizuri kiasi kwamba mtu akiitazama asiweze kucheka, kisha nimwambie Mutua mbele ya watu wale wale kwamba hana mkono wowote humo. Hicho ndicho kilichoniamsha asubuhi.

Bawa lile la uongo nililibomoa mwenyewe. Gundi ya ndege haiyeyuki kwa maji wala kwa moto mdogo. Unaingiza msumeno mwembamba kwenye mshono, unakata polepole, na ukiharakisha unapasua kilicho kizuri. Mbavu zote niliziokoa, kwa sababu ubavu hauna kushoto wala kulia, unaugeuza tu. Mhimili haukufaa. Matundu ya bolti yalikuwa yametobolewa upande usiofaa, na tundu huwezi kulirudisha. Ilibidi nitengeneze mwingine. Nilitafuta ubao mmoja mrefu usio na kifundo, nikazunguka yadi zote za mbao, sikupata. Nikachukua mbao mbili, nikazichonga ncha kwa mshazari mrefu, nikazilaza moja juu ya nyingine na gundi katikati. Michoro yenyewe inaruhusu. Kiungo kama hicho kikishika sawasawa kina nguvu kuliko mbao zenyewe.

Lakini ilikuwa mwezi wa saba, na unajua Nairobi mwezi wa saba. Gundi ile inataka joto usiku kucha. Isipopata inakauka juu ikawa ngumu kama jiwe, na ndani inabaki unga. Tulikuwa tunawasha jiko la makaa bandani kwa zamu, tukiacha mlango wazi kidogo. Usiku wa kiungo kile ulikuwa wa Mutua, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye matanga ya jirani yetu hapa.

Nilipofika asubuhi, jiko lilikuwa baridi na makaa mengi yalikuwa bado meusi. Nikamuuliza.

"Liliwaka hadi alfajiri," akasema. "Gusa gundi, si imeshika?"

Niligusa, ilikuwa ngumu. Mlinzi wa jirani ndiye aliyeniambia baadaye kwamba Mutua alitoka mapema akaenda kutazama mpira kwenye baa na hakurudi. Nilisubiri hadi tulipomaliza kupanga mbavu, nikawa peke yangu siku moja, nikagonga ule mhimili kwa mpini wa patasi kama ninavyogonga mti kabla ya kuununua. Kote ulilia vizuri. Kati ya ubavu wa tatu na wa nne kutoka kwenye kiwiliwili, sauti ikafa. Nikachukua wembe, nikauingiza kwenye mshono. Kiungo kizuri hakiruhusu wembe hata ncha. Huu uliingia hadi nusu.

Nataka ujue kwamba siku ile sikuwa na wazo baya. Nilikasirika, ndiyo, lakini nilichofikiria ni kazi. Nilipanga tuling'oe bawa, tukate kipande kile, tuchonge upya, tungoje mwezi wa pili wenye joto. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake, patasi bado mkononi, nimwambie.

Wakwe zake walikuwa wamekuja. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeteremshwa, na nikamsikia kabla sijaingia. Alikuwa anawasimulia mabawa mawili. Alikuwa ameinuka katikati ya sebule, nakiona kivuli chake kwenye pazia, anaigiza nilivyokuwa nikiligeuza bawa, anaiga sauti yangu: "Hebu tulizungushe tena, hebu tulizungushe tena." Wazee wale ambao hawajawahi kuniona walikuwa wanapiga magoti yao kwa vicheko. Mmoja akauliza, "Na mtoto wake je? Hawamcheki shuleni?" Mutua akajibu, "Huyo msichana akiniona mimi hucheka, akimwona babake huvuka barabara."

Ulikuwa umemwambia wewe? Au aliona mwenyewe? Sijui, na usinijibu.

Nilikuwa na maneno mdomoni, Mwende. Yalikuwa machache tu: mhimili umekufa, tuubomoe. Niliyameza. Nikageuka, nikashuka ngazi, nikaenda zangu. Hata hodi sikupiga. Wiki iliyofuata nilimpelekea ujumbe kwamba afya yangu haiko sawa na sitakuja tena. Akafurahi, nadhani. Akamlipa fundi mwingine akavika kitambaa juu ya mbavu zangu, akakipaka dawa ya kukikaza, akapaka rangi ya samawati. Alipopata kazi ya usimamizi wa madereva huko ranchi, yenye uwanja wake wa nyasi, akaipakia kwenye lori akaenda nayo. Kitambaa kikishavikwa, mkaguzi haoni kilicho ndani. Anaona rangi.

Tangu siku ile nimekaa na jambo hili kama mtu aliyeweka akiba. Watu wakisema ndege ya Mutua imewashwa injini, nilikuwa natabasamu. Wakisema imekimbizwa uwanjani na inakwenda vizuri, nilikuwa nasema, "Mungu amsaidie." Nilikuwa naketi kanisani nyuma ya wale wale waliocheka, nawatazama visogo, na nina siri iliyo tamu kuliko wimbo. Sikumwonea huruma hata mara moja. Nilijiambia si mimi niliyeliacha jiko lizime. Nilijiambia alinitazama nikikosea akanyamaza, nami namtazama akikosea nanyamaza, na hakuna hakimu atakayeniuliza kitu. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyovaa kwenye mazishi.

Rubani sikuwahi kumfikiria. Hilo ndilo ambalo limenifanya nishindwe kula tangu jana. Mwaka mzima nimeiangusha ile ndege kichwani mwangu, na kila mara aliyekuwa ndani ni Mutua, wakati najua vizuri kwamba Mutua hajui kurusha ndege. Atasimama kando apige makofi. Atakayepanda ni kijana wa watu ambaye sijawahi kumwona, na pengine ana mama anayemfungia sanduku kama mama yako leo. Sikumfikiria hadi dereva yule alipotaja jina lako. Sitajifanya nilishtuka kwa ajili yake. Nilishtuka kwa ajili yako, na yeye nikamwona akiwa kiti cha pembeni.

Ungeniuliza kwa nini sikukuambia usiende. Nilitaka. Nilifungua mdomo mara nyingi leo. Lakini kazi hiyo ya stoo umeipata wewe mwenyewe, kwa barua uliyoandika wewe mwenyewe, na ukibaki hapa kwa sababu yangu utakuwa umevuka barabara mara ya pili, safari hii kwa kunipenda. Sitaki. Nenda.

Na kwa nini siendi mimi? Nilifikiria hilo pia. Nikienda, nitafika na uso huu. Mutua ataona ninavyofurahia kumwona akiogopa, atasema ni wivu wa Lefti Mbili, ataniongoza hadi getini, na ndege itaruka. Wewe atakusikiliza. Anakupenda, nadhani, kwa namna yake. Watu kama yeye hupenda watoto wa wale waliowaumiza.

Ndani ya soksi zako nyeusi nimeweka patasi yangu ndogo na nyembe mbili. Muombe akuonyeshe ndege. Simama mbele ya bawa la kulia, hesabu mbavu kwa kidole juu ya kitambaa, utazihisi zimeinuka. Kati ya ubavu wa tatu na wa nne kutoka kwenye kiwiliwili, gonga. Kisha gonga mbele kidogo. Hata mtu asiye fundi atasikia. Akikubishia, usibishane. Pasua kitambaa kwa wembe, mraba wa kiganja, mbele ya macho yake. Atapiga kelele kwa ajili ya rangi yake. Mwache. Tafuta mstari wa mshazari, mpe yeye wembe wa pili, mwambie auingize mwenyewe kwa mkono wake. Kitambaa kinashonwa siku moja, hakuna hasara hapo.

Usiwaruhusu waweke bolti kupitia kiungo ili kukibana, wala kumimina gundi mpya juu ya ile ya zamani. Watakuambia inatosha. Haitoshi. Kinakatwa chote, pande mbili, hadi mbao safi, kisha kipande kipya kinachongwa kwa mshazari mrefu, mara kumi na mbili ya unene wake, si chini ya hapo. Wakati wa joto. Kama hawana fundi, nitachonga hapa nimpe dereva wa lori. Nimeshachagua ubao. Uko chini ya kitanda, umefungwa gazeti.

Sasa nikuambie ninachotamani, maana nimekuahidi kutofunika kitu. Tangu jana nimekuwa nikiiona siku ya kuruka. Watu wote wa ranchi wamekuja na watoto wao, Mutua amevaa koti. Wewe unatembea hadi kwenye bawa, unagonga, unageuka, unasema kwa sauti kubwa, "Baba anasema hapa pameoza kwa sababu ulikwenda kutazama mpira." Na wanacheka. Wote wanacheka, hadi wapishi, na kijana mmoja anampa jina. Nimegundua, Mwende, kwamba sitaki tena afe. Nataka aishi. Nataka azeeke sana, na kila anapokwenda kununua sigara mtu amuulize kuhusu jiko. Nimeipanga picha hiyo vizuri kuliko nilivyopanga mazishi, na ni tamu, wala sioni haya kusema ni tamu.

Lakini kila wanapoikimbiza kwenye nyasi, kiungo kinatikisika. Sijui kimebakiwa na nini. Labda rubani ataamua kuinyanyua kidogo Jumatano, kujaribu tu, bila kumwalika mtu. Ukingoja watu wakusanyike, unaweza kuwa unangojea juu ya kaburi la mtu.

Kwa hiyo usingoje. Ukifika, kabla hujauliza utalala wapi, mtafute, hata kama yuko peke yake chini ya gari na hakuna mwingine wa kusikia. Mwambie. Atakuuliza nilijua tangu lini, na umwambie ukweli, tangu siku ya wakwe zake, nilipokuwa nje ya pazia. Akitaka kuja kunipiga, anajua ninakokaa. Na umwambie sijamsamehe, na kwamba sitarajii kumsamehe. Ila hilo mwambie mwisho, bawa likiwa limeshang'olewa na liko chini.

Ni mimi,
baba yako, Kyalo